Tone la Kumi na Mbili

Barua niliziandika kwa mkono, thelathini na moja,
nikamfungia kila mtoto ya kwake kwenye mkanda wa begi:
*Ijumaa njooni darasani. Leteni kitu cha vuli.*

Luchelele ilikuwa imeshaanza kunukia udongo.
Ziwa limevaa rangi ya sufuria,
na majabali nyuma ya choo chetu yanang'aa
kama yamepakwa mafuta ya mgando.

Wa kwanza kufika alikuwa bibi yao Kulwa na Dotto,
choroko zake ndani ya kopo la rangi.
Akakaa chini, akakunja miguu, akapima shimo kwa kidole:
"Hadi pingili ya pili, mjukuu. Huiziki. Unailaza tu."

Mama Minza alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni
na harufu yake ya dagaa, akafungua hotpoti:
kumbikumbi wa jana usiku, walionaswa kwenye beseni chini ya taa,
wakakaangwa alfajiri.
Nusu ya darasa ilipiga kelele. Nusu ikapanga foleni.
Mtoto wa daktari, yule ambaye chai yake huja na leso,
alikula mpaka nikaogopa.

Kaka yake Sayi alileta majani ya mpera;
tukayapaka wino, tukayagonga ukutani,
ukuta ukaota kichaka cha bluu.

Saa nne mvua ikashuka
na tone letu likaanza.

Tone letu, ndiyo.
Bati la tatu kutoka dirishani lina tundu la msumari,
na chini yake kuna beseni jekundu.
Ikinyesha hatusomi hesabu, tunaisikiliza.
Moja. Mbili.
Lushinge hukwama kumi na moja, kila mara,
kisha hurukia ishirini
kama mtu aliyekutana na dimbwi.

Baba yake ndiye aliyeingia mwisho. Anaponda kokoto kule mlimani;
nyusi zilikuwa na vumbi jeupe ambalo mvua haijamaliza kuliosha.
Mikono mitupu. Barua yangu mfukoni mwa shati,
imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi.
"Nimeambiwa nije, mwalimu. Sikuambiwa nije na nini."
Akatazama juu. Akatazama beseni.
Akatoka.

Tukasikia bati likilia, hatua mbili, tatu,
kimya cha mtu anayefikiri,
kisha tone likakoma.

Alirudi ameloa chapachapa, vidole vyeusi kwa lami,
akingoja asante.
Watoto thelathini na moja walimtazama kama mwizi.
Lushinge akaangua kilio:
"Baba, nilikuwa nimeshafika kumi na moja!"

Nilisomea ualimu miaka miwili.
Hili halikuwemo.

Mtu mzima akajikuna shingo.
"Basi nipande nikatoboe tena?"
Na nadhani angepanda,
lakini bibi wa mapacha alishamsogezea kiti,
kile cha kijani kilichopungua mguu kidogo.
Akakaa, magoti karibu na kidevu,
akamwaga maji mlangoni, akaligeuza beseni,
akaligonga kwa kifundo cha kidole.
Ko.
Akangoja.
Ko.

Haukuwa mwendo wa mvua ule.
Ulikuwa mzito, una pumzi katikati,
mwendo wa nyundo na jiwe,
wa mtu anayejua ndoo moja ya kokoto
hula mapigo mangapi.

Lushinge akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akadandia njiani.
Tisa.
Kumi.
Kumi na moja.
Ko.

Midomo ya baba ilitangulia, bila sauti,
na mwanawe akaisoma:
"Kumi na mbili."

Hakuna aliyepiga makofi. Minza alikuwa anagawa
kumbikumbi wa mwisho, mmoja mmoja, na macho yote yalikuwa kwake.
Nje mvua iliendelea kujihesabu yenyewe.